Barua Zisizokuwa na Mpokeaji: Bi Salme na Jumba la Mtoni



Naomba radhi mapema kwa urefu wa maandishi haya. Ijumaa iliyopita tulikusanyika watu kumi na kitu nyumbani kwa jamaa yetu mmoja hapa Doha, baada ya Isha, kama ilivyo ada yetu. Kahawa ipo, halua ya Maskati ipo, na mabishano, alhamdulillahi, hayakukosekana. Safari hii yalianza na Warusi.

Mgeni mmoja, mtu wa chuo, alikuwa akisoma barua za Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi na mkewe Alexandra. Akatusimulia namna mume na mke wale walivyokuwa wakiandikiana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yeye akiwa kambini na mke yuko nyumbani, tena kwa Kiingereza wala si Kirusi, kwa kuwa bibi yule alizaliwa Ujerumani na alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria. Homa za watoto ziko ukurasa mmoja na mambo ya vita na mawaziri. Julai 1918 wakauawa pamoja na watoto wao huko Yekaterinburg, barua zikabaki, zikaja kuchapishwa. Leo mtu yeyote anaweza kuingia chumbani kwao. Halafu mgeni wetu akauliza: "Nyie watu wa Unguja, jumba lenu la kifalme limekuachieni nini? Saa, viti na picha za ukutani. Nani aliandika yaliyokuwa yakisemwa ndani?"

Mie nikamjibu kuwa tunaye Bi Salme. Basi! Ungedhani nimetia moto kwenye makuti. Mzee mmoja akasema: "Yule aliyetutia aibu ndiye wa kumtaja hapa?" Msichana mmoja, aliyezaliwa huku huku Ghuba, akamrukia: "Aibu gani, babu? Yule shujaa." Wakavutana mpaka kahawa ikapoa. Nikatazama nikaona kila mmoja keshatoa hukumu, na katika wote tuliokuwepo waliosoma alichoandika Bi Salme mwenyewe hawafiki watatu. Ndiyo maana nikaona niandike.

Kwa wasioijua habari yake: Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mamake ni suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden tarehe 30 Mei 1867, akaitwa Emily, wakaoana siku hiyo hiyo, wakenda zao Hamburg. Mwaka 1886 akachapisha Berlin, kwa Kijerumani, kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Baadaye zikaonekana na barua zake, ambazo nitazizungumza mwisho, kwani ndizo zilizonitia mie kwenye habari hii.

Sasa tuingie ndani ya jumba.

Ukisoma kumbukumbu zake, Mtoni si jumba la kimya la hadithi za kizungu za harimu. Ni mtaa mzima. Yeye anakisia watu wapatao elfu moja. Uwanjani tausi, paa, bata, mbuni, na watoto wakikimbia kuokota mayai wampelekee mpishi. Kuna hamamu za Kiajemi. Kuna roshani ya duara imetazama bahari, ambamo babake alipenda kutembea huku na huko peke yake, ameinamisha kichwa, na kunywa kahawa. Sayyid Said akikaa Mtoni siku nne za juma, zilizobaki akikaa mjini Beit il Sahel. Lugha? Amri ilikuwa mbele yake kisemwe Kiarabu tu. Akishageuza mgongo, kila mtu anarudi kwake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili chetu. Nani kati yetu hajalelewa kwenye nyumba kama hiyo? Hapa Doha kwangu mie ni hivyo hivyo, Kiarabu mlangoni, Kiingereza kwa watoto, na Kiswahili jikoni.

Lakini jumba lile lilikuwa na sheria, na sheria zenyewe hazikuandikwa popote. Zilikaa kwenye salamu, kwenye kukaa na kwenye kula. Mkubwa wa wanawake wote alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa nikaha wa Sayyid Said, mwanamke wa ukoo wake mwenyewe. Hakuwa na mtoto hata mmoja, naye kimo chake kifupi, lakini jumba zima likimwogopa. Watoto wa mumewe, wote wa masuria, ilibidi wende kumwamkia kila asubuhi, na wakimwita kwa cheo chake. Ukija wakati wa kula, Sayyid anakaa na watoto wake na wajukuu waliokwishakua, pamoja na Bibi Azza. Masuria hawali naye. Hata yule anayependwa kuliko wote hali naye. Yaani mtoto anakula sinia moja na babake, na mamake aliyemzaa yuko upande wa pili. Hapana aliyeona ajabu.

Kila siku kulikuwa na baraza. Wakubwa wa nchi, makadhi, mashekhe na watu wenye shida zao wanakuja kumsalimia Sayyid, kila mmoja kwa daraja yake, wanakaa kwa daraja yake, na mambo ya dola yanasemwa hapo hapo mbele ya kahawa. Hayo ndiyo makaratasi ya serikali ya wakati ule. Kuonekana barazani maana yake upo. Usipoonekana watu wanaanza kuuliza. Nilipokuwa nasoma habari hizi nilikumbuka jinsi wazee wetu wanavyosema mpaka leo kwamba fulani "hatumsalimii". Mtu hakatwi kwa hati. Anakatwa kwa salamu.

Na mali nayo ilikuwa na ada yake. Merikebu za Sayyid zilikuwa zikipeleka karafuu na bidhaa nyingine nchi za mbali, zikirudi na vitambaa, manukato, vyombo na vitu vya kuchezea watoto. Bi Salme anaeleza kuwa kuvigawa vitu hivyo kulichukua siku kadhaa, maana hakuna anayesahauliwa na kila mmoja anajua fungu lake. Ugavi ule ndio uliomwambia kila mtu wa mle ndani cheo chake ni kipi.

Hebu nisimame kidogo kwa Jilfidan. Hapa Doha, mtaa wa Msheireb, kuna nyumba ya zamani iitwayo Bin Jelmood, ambayo tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya utumwa wa Bahari ya Hindi na Ghuba. Ni jambo la kuwasifu walioifanya, kwani nchi nyingi za huku hazijathubutu. Nilikwenda na binti yangu. Tulipotoka nje akaniuliza: "Mama, sisi tulikuwa wepi, wenye nyumba au waliokuwa wakiuzwa?" Nikamwambia wote wawili. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika na jibu langu.

Jilfidan ni jibu refu zaidi. Mwanawe anasimulia kuwa vita viliingia nchini kwao, jamaa wakajificha chini ya ardhi, wakagunduliwa, wazee wakauawa, na watoto watatu wakachukuliwa na wapanda farasi, kila mmoja na wake: kaka, yeye, na mdogo wao mchanga. Hawakuonana tena. Bi Salme hataji ni vita gani. Lakini miaka ile Wacherkesi walikuwa wakipigana na dola ya Urusi, na vita vyenyewe havikwisha mpaka 1864, Warusi walipoiteka nchi yote na Wacherkesi kwa maelfu kwa maelfu wakafukuzwa kwenda nchi za Kituruki. Kwa hiyo yule mgeni wetu wa barua za Tsar hakuwa mbali na Unguja kama alivyodhani. Jilfidan alifika kwa Sayyid Said mtoto wa miaka saba au minane, hata jino la kwanza aling'oka humo humo jumbani. Akaja kuwa suria, akamzaa Salme, akafa kwa kipindupindu mwaka 1859.

Nasema haya kwa sababu kitabu cha Bi Salme kina upungufu mkubwa hapa, na asitokee mtu akaniambia nimeuficha. Yeye anaandika sura nzima akiwatetea wenye watumwa, anawacheka Wazungu wanaotaka utumwa ukomeshwe, na watumwa weusi waliokuwa wakilima mikarafuu anawasema kwa maneno ambayo leo yanakera kuyasoma. Mamake mwenyewe alitekwa! Hilo halikumfungua macho kwa wengine. Kwenye jumba lake mtu wa Kicherkesi aliyenunuliwa angeweza kuwa mama wa sayyida, na mtu wa Kiyao au Kimanyema aliyenunuliwa alibeba makarafuu. Tukimsoma tumsome na hayo.

Narudi kwenye kalamu. Watoto wa jumba walitiwa chuoni wa kike na wa kiume, wakafundishwa kusoma Kurani na mwalimu wa kike. Wavulana wakaendelea wakafundishwa kuandika. Wasichana basi. Kusoma ndiyo, kuandika hapana. Sababu yake mnaijua, kwani ilikuwa bado inasemwa Unguja nilipokuwa mdogo: msichana akijua kuandika atamwandikia mwanamume barua. Bibi yangu mzaa mama, Allah amrehemu, aliihitimu Kurani mara sijui ngapi na hakuweza kuandika jina lake. Alikuwa akiweka kidole.

Salme hakukubali. Alichukua msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia uliokauka, ambao ndio ubao wa wanafunzi wa siku zile, na wino, akaanza kunakili herufi moja moja kwa siri. Alipoona ameshindwa kwenda mbele peke yake akafundishwa na mtumwa mmoja aliyekuwa amesoma. Mnaiona hiyo? Binti wa Sultani ananyimwa kalamu na nduguze, na anayempa ni mtu asiyemiliki hata nafsi yake. Habari ilipotoka watu walimsema sana. Yeye anaandika kuwa hakujali.

Halafu kalamu ikawa na kazi. Sayyid Said alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Thuwaini akabaki na Oman, Majid akakaa Unguja, na mwaka 1861 Waingereza wakaugawa rasmi ufalme wa baba yao vipande viwili. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1859, Barghash alitaka kumpindua kaka yake Majid. Dada yake Khole alikuwa upande wake (ndiye Bi Khole yule ambaye magofu ya nyumba yake na miembe yake iko Bungi mpaka leo), na Bi Khole akamvuta Salme, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano tu na mamake ndiyo kwanza amekufa. Walimtakia nini mtoto yule? Anajua kuandika! Akawa karani wa njama. Barua za kwenda kwa wakubwa na mashekhe, za kuomba bunduki na baruti, zilipita mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake ndio waliokwenda kumtoa, amevaa kama mwanamke. Mapigano yakenda shamba, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay.

Majid hakumwadhibu dada yake. Salme, kwa majuto, akapatana naye, na kwa kupatana naye akawakosa Barghash na Khole. Hapo ndipo mwanzo wa upweke wake, miaka mingi kabla ya Mjerumani yeyote kuonekana dirishani. Wale wanaosema kisa cha Bi Salme ni kisa cha mapenzi tu, ruhusuni niwapinge. Aliondoka mtu ambaye ndani ya jumba hakuwa tena na pa kukaa vizuri. Angalieni na hili: alipokuwa na mimba, adhabu ingeweza kuwa kifo. Tarehe 24 Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, usiku wa Mwaka wa watu wa Unguja, ambapo wanawake hushuka pwani kuoga na hapana wa kushangaa akiwaona kule.

Ya Ujerumani nitayapita mbio. Mtoto wa kwanza alifariki angali mchanga. Wakapata wengine watatu. Mwaka 1870 mume akaanguka kwenye tramu Hamburg akafa, na Salme akabaki mjane wa miaka ishirini na tano kwenye nchi ya baridi, na sheria ya mji ule ikawateua wanaume wasimamie mali ya watoto wake kana kwamba yeye mwenyewe ni mtoto. Kuna jambo moja hapa ambalo sie watu wa lugha hatuna budi kulitia maanani. Yeye na mumewe walikuwa wakizungumza Kiswahili. Mume alikijifunza Unguja. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ndoa ile, ndani ya nyumba ya Hamburg, miaka ile! Siku aliyokufa Heinrich Ruete, Salme hakufiwa na mume peke yake. Hakubaki mtu wa kusema naye.

Mwaka huo huo wa 1870 Majid akafa na Barghash akawa Sultani. Sasa barua zinaanza. Mwaka 1875 Barghash alizuru London, akapokewa na Malkia Victoria kwa heshima zote za kifalme. Salme alijifunza Kiingereza, akavuka kwenda kumwona kaka yake. Hawakuonana. Waingereza walimtuma Sir Bartle Frere amwambie aache kumsumbua mgeni wa serikali, na badala yake watoto wake watasomeshwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, ahadi ikayeyuka: ati watoto ni Wajerumani, wende kwa serikali yao.

Agosti 1885 akarudi Unguja, miaka kumi na tisa tangu aondoke, kwenye meli ya Kijerumani, na watoto wake watatu. Watu wa mjini walimzunguka, wakamwamkia kwa Kiarabu na Kiswahili. Barghash hakumwita. Hakutoka. Dada mtu yuko njiani chini ya madirisha ya jumba, kaka mtu yuko juu, na hakuna salamu iliyopita baina yao. Alijaribu tena 1888, mambo yakawa yale yale, na Barghash mwenyewe alikufa mwaka ule.

Yule msichana barazani alisema Barghash alikuwa katili. Mie sikubali upesi hivyo. Tumwekee mizani. Februari 1885 Kaiser alikwishatia mkono wake kwenye hati iliyochukua nchi za bara ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake. Agosti ile ile manowari za Kijerumani zilikuja zikasimama mbele ya jumba lake, mizinga imeelekea mjini, mpaka akakubali. Na nyuma ya manowari hizo ndiyo anakuja dada yake, mwanawe wa kiume ana uraia wa Kijerumani, na Bismarck akimtumia kama karata. Mtu akija kwako na mizinga, hata kama ni dada yako, utamfungulia mlango kwa moyo mmoja? Salme mwenyewe baadaye alijua kuwa alitumiwa. Juu ya hayo, kwa sheria ya dini yao alikuwa ameritadi, na kwa ada ya jumba alikuwa amekatwa salamu. Barghash alikuwa na sababu tatu za kunyamaza, na zote zikamfikia siku moja.

Lakini tusimwachie Barghash naye hivi hivi. Yule dada ndiye aliyemwandikia barua za uasi wake mwaka 1859. Ndiye aliyemtoa nyumbani kwa mavazi ya kike. Yeye alishaasi akasamehewa, akarudi kutoka Bombay, akaja kukaa kitini. Jumba lilikuwa na njia ya kumrudisha mwanamume aliyechukua silaha dhidi ya kaka yake. Kwa mwanamke aliyevuka bahari halikuwa na njia yoyote. Hilo ndilo neno langu katika maandishi haya yote, na ndilo nililoshindwa kulisema vizuri usiku ule. Ada za jumba la Mtoni zilikuwa nzuri, zilimpa kila mtu mahali pake. Kwa aliyetoka hazikuwa na mlango. Hazikumjua wala kumkataa kwa maneno. Zilinyamaza.

Na sasa zile barua. Pamoja na kumbukumbu, Bi Salme aliandika mfululizo wa barua za kwenda nyumbani, kwa rafiki yake wa kike wa Unguja asiyetajwa jina. Anamweleza yote: vyumba vilivyofungwa madirisha, chakula asichojua kimepikwa na nini, kutembea uso wazi, mavazi ya kubana, mazishi, deni, baridi, wanaume wanaosimamia fedha zake. Ni maandishi machungu kuliko kitabu, kwani kitabu aliwaandikia Wazungu na humo anajistahi. Lakini barua zenyewe ni za Kijerumani! Rafiki wa Unguja angezisomaje? Hazikupelekwa popote. Zilibaki kwenye makaratasi ya familia, mwanawe Rudolph Said-Ruete akaja kuyapeleka makaratasi hayo Leiden, Uholanzi, na kwa Kiingereza zikachapishwa 1993, karibu miaka sabini baada ya mwandishi kufa.

Nimeshinda siku nyingi kwenye Maktaba ya Taifa hapa Qatar, na nimepekua hazina yake ya nyaraka kwenye intaneti, iliyofunguliwa 2014 kwa kushirikiana na Maktaba ya Uingereza. Humo mna makaratasi ya Ofisi ya India, makonsuli na maofisa wa Bombay wakiandikiana juu ya Maskati, Unguja na Ghuba yote: nani arithi, nani alipwe, meli gani imeingia. Ni hazina kubwa, nawasihi mwende. Lakini sauti ya mwanamke wa jumbani humo ni nadra sana kuisikia. Ndipo nikaelewa thamani ya mtu mmoja aliyeiba herufi kwenye mfupa wa ngamia. Bila yeye tungekuwa tunaingia Mtoni kwa macho ya konsuli, na konsuli hakuvuka ukumbi wa nje.

Nimesema bibi yangu hakujua kuandika. Mie ndiye niliyekuwa karani wake tangu nina miaka tisa. Mwanawe wa kiume, mjomba wangu, aliondoka baada ya 1964, akaishia huku Ghuba. Kila baada ya miezi miwili mitatu bibi ananiita, nachukua karatasi ile nyembamba ya rangi ya samawati ya barua za ndege, yeye anasema na mie naandika. "Mwambie mwembe umezaa. Mwambie mguu haujambo. Mwambie asijibu kama hana nafasi." Miaka ya mwanzo majibu yalikuja. Halafu yakakoma. Bibi hakukoma. Mie nilichoka, nikamwambia siku moja, bibi, mtu hajibu, tunamwandikia nani? Akaniambia: "Wewe andika." Alikufa bila ya jibu.

Nilipokuja huku kufanya kazi, mjomba naye alikuwa keshafariki. Mjane wake akanipa kasha la biskuti la bati. Barua zetu zote zilikuwamo, zimefunguliwa, zimepangwa kwa tarehe, kwa mwandiko wangu wa kitoto. Kwa nini hakujibu? Mjane hakujua. Hakuna ajuaye. Tangu siku ile mie siwezi tena kusema kuwa aliyenyamaza hana moyo, na ndiyo maana hata Barghash siwezi kumhukumu kama wanavyomhukumu vijana. Lakini nafahamu pia kwamba bibi yangu alikufa akisubiri, na kimya cha mjomba, kiwe kilitoka moyoni au wapi, hakikumfaa kitu.

Bi Salme alikaa miaka mingi Beirut, mahali ambapo aliweza kusikia adhana na Kiarabu. Vita vya 1914 vikamkuta Ujerumani. Sultani Khalifa bin Haroub, mwishoni mwishoni, akamkubalia posho ndogo ya kila mwaka: jumba likamjibu hatimaye, miaka zaidi ya hamsini imepita, na jibu lenyewe lilikuwa la fedha. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, ubavuni mwa mumewe. Katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Mzee wetu wa barazani nimempelekea kitabu. Ameniambia ataanza kukisoma, ila jina la "Bibi" hataliweka mbele ya Salme. Nimemwambia sawa, asome kwanza. Yule msichana naye nimempa barua, akanirudishia baada ya siku mbili akisema sura ya watumwa kwenye kile kitabu kingine imemkasirisha hata hataki kusikia tena. Nikamwambia naye asome mpaka mwisho.

Nanyi ndugu zangu, mlioko Muscat, London, Toronto na kwengineko, nina ombi. Mna makasha. Mna barua za miaka ya sitini na sabini chini ya vitanda, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu na cha hati ya Kilatini, za watu waliotoka na za waliobaki. Msizitupe mnapohama nyumba. Na kama kuna mtu mmoja aliyekuandikia na hujamjibu, mjibu, hata kwa mistari miwili, hata kama hujui useme nini.

Wasalaam,
Doha